Juu ya Eshapema za Kutobolewa

Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama kwenye mkutano wetu wa mwezi hapa Kakanda. Wengi waliomba yaandikwe, ili wale waliokuwa kazini siku ile nao wasome. Tumeyaacha karibu vile yalivyosemwa.

Ba papa, ba mama, mzee presida na komite yako, na ninyi vijana mnaokaa kule nyuma karibu na mlango ili mteja akipita mumuone: jambo yenu wote.

Nimeombwa niseme juu ya eshapema. Najua wengine walicheka. Mtu ametoka chuo kikuu, anafanya kazi ya shirika, halafu anakuja kusimama mbele ya wazee kusema juu ya bomba la moshi! Lakini wenye kutunza sanduku letu hawacheki. Katika pikipiki ambazo sanduku limekopesha kwa ba manseba wetu, kuna mbili zimelala sasa nyumbani kwa wenyewe, motere imefunguliwa, vipande viko ndani ya beseni. Zote mbili zilikuwa zimetobolewa eshapema. Pikipiki ikilala hakuna pesa ya kurudisha, na pesa isiporudi, mwanachama anayengoja zamu yake anaendelea kungoja. Njo maana tuko hapa.

Nianze kwa upande wa vijana, kwa sababu wamelaumiwa sana na hakuna aliyewauliza. Mimi niliwauliza. Wa kwanza aliniambia: "Papa, kamio ya mine haimuoni mutu. Kama sina sauti, nakufa." Wa pili akasema: "Mteja ananijua kwa sauti. Akisikia moto yangu iko nakuja, anatoka na mufuko yake ku mlango." Wa tatu alinyamaza kidogo, akacheka: "Miye, inanipendeza tu." Huyu wa tatu alisema kweli kuliko wote, na sitamlaumu. Mtu aliyekulia mahali ambapo hata sufuria ni ya msaada, siku akipata chombo chake mwenyewe, anataka kisikike.

Nami niliwahi. Nilipokuwa mwanafunzi Lubumbashi, jioni nilikuwa naendesha Boxer ya mjomba wangu ili nipate pesa ya kula na ya fotokopi. Siku moja nikaipeleka kwa kijana mmoja mwenye mashine ya kutoboa, akatoboa ile sahani ya mwisho ya eshapema matundu matatu. Lo! Kwenye barabara ya Kasapa nilijiona naruka. Baada ya miezi miwili, asubuhi pikipiki ikawa haitaki kuwaka. Unapiga teke mpaka jasho. Mwishoni fundi akafungua kichwa cha motere akanionyesha supapu ya kutoa moshi: ukingo wake umeungua, umelika kama mkate ulioumwa na panya. Buji ilikuwa nyeupe pee. Mjomba hakupiga kelele, aliniuliza tu: "Ulikuwa unatafuta nini?" Sikuwa na jibu. Nimeanza kulipata baadaye sana, kwa kuuliza mafundi na kusoma, na jibu hilo ndilo nawapa leo.

Motere ya pikipiki zetu, ikiwa TVS, ikiwa Boxer, ina silinda moja. Pistoni inafanya miendo minne: inavuta hewa na esanse, inabana, inaunguza, inatoa moshi. Motere ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, supapu ya kutoa inafunguka mara 3,000, yaani mara 50 kila sekunde. Kila mara moshi unatoka na kishindo. Sauti tunayoisikia ni vishindo hivyo vikifuatana. Ile chupa ndefu ya nyuma, silansie, si tupu. Ndani mna vyumba na vibomba vyenye matundu. Moshi unaingia chumba hiki, unarudishwa nyuma, unaingia kingine, na kila chumba kinapunguza kishindo.

Sasa watu wanasema: kama moshi unazungushwa hivyo, motere inakosa pumzi, basi tuufungulie njia. Hapo kuna ukweli nusu. Mumeona kamio likipita kwa mbio, vumbi na makaratasi yanalifuata nyuma. Vilevile ndani ya bomba: furushi la moshi likitoka kwa nguvu, linaacha nyuma yake mahali penye upungufu, na upungufu huo unasaidia kuvuta moshi uliobaki ndani ya silinda. Tena, kishindo kikifika mwisho wa bomba, wimbi lake linarudi nyuma. Likirudi saa inayofaa, linasaidia. Likirudi saa mbaya, linasumbua. Wale waliotengeneza pikipiki walichagua urefu na upana wa bomba ili msaada huo uje pale motere inapofanya kazi zaidi. Kwa pikipiki ya kubeba watu na mizigo, hapo ni mwendo wa chini na wa kati.

Ukikata bomba likawa fupi, au ukitoboa silansie, msaada hauendi mbinguni, unahamia juu, kwenye mzunguko mkubwa. Mwenye pikipiki ya mashindano anaupenda huko juu, kwa sababu anaishi huko juu. Lakini wewe manseba, uliyebeba mama na mtoto wake na nusu mfuko wa makala, ukipanda kilima kwa vitesi vya pili, unafika huko juu saa ngapi? Hufiki. Pale chini, unapohitaji nguvu, umeipunguza. Unafungua gazi zaidi ili upande, esanse inaisha, na sauti inakudanganya kwamba unaenda mbio. Motere hizi zina nguvu ya farasi 8 mpaka 13 hivi. Hakuna tundu la kuongeza farasi wengine watano, hata litobolewe na nani.

Kijana mmoja aliniambia hapa hapa: "Papa, uongo! Yangu ilisha kuwa muzuri kabisa kisha kutoboa." Sikumkatalia. Nilimwomba tufungue boksi ya filtri. Bandugu, mulione vumbi la Kakanda lililotoka mle! Filtri ilikuwa ngumu kama sabuni ya kavu. Pikipiki ilikuwa imezibwa pua, yeye akaitoboa nyuma. Filtri ikiziba, hewa inakuwa kidogo, esanse inakuwa nyingi, motere inakohoa na moshi unakuwa mweusi. Ukitoboa eshapema, mchanganyiko unapungua esanse, basi kwa siku chache unaona kama umepona. Tena sisi tunaishi juu: uwanda huu wetu uko zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi. Kwa kila mita 1,000 motere ya namna hii inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu yake, na kabirateri iliyopimwa kwa nchi ya chini inatoa esanse kupita inavyotakiwa. Kwa hiyo yule kijana alichosikia kilikuwa cha kweli. Dawa njo ilikuwa si ile. Tulisafisha filtri, na siku ile ile akaniambia ipo nyepesi zaidi. Mwezi unaofuata angeanza kuunguza supapu, na filtri ingekuwa bado imeziba.

Hapo kuna jambo moja la hatari ambalo mafundi wa barabarani wengi hawasemi. Eshapema ikifunguliwa, kabirateri inatakiwa kufuata. Ile skrubu ndogo ya nje inayozungushwa na bisibisi inatawala tu wakati pikipiki imesimama inanguruma, au gazi imefunguliwa kidogo sana. Kwa mwendo wa kati, inayotawala ni sindano. Kwa gazi wazi, ni jikleri kubwa, kile kipande cha shaba nyeupe au njano chenye tundu katikati na namba ubavuni. Anayetaka kufungua eshapema kwa haki lazima aweke jikleri ya namba ya juu kidogo, halafu aendeshe, halafu afungue buji aangalie. Buji ya rangi ya kahawia hafifu, kama chai ya maziwa, ni nzuri. Nyeusi yenye masizi, esanse imezidi. Nyeupe kama majivu, esanse imepungua, motere inaungua. Sasa niambieni, ni nani hapa aliyetoboa eshapema na akanunua jikleri? (Hakuna mkono ulioinuka. Mmoja tu alisema alipanua jikleri yake kwa waya. Papa, usirudie. Waya hautoboi duara, na namba iliyoandikwa inageuka uongo.)

Nirudi kwa yule wa makamio, kwa sababu neno lake ni zito. Tumezika watu kwenye barabara hii, wote tunajua. Lakini fikirini: eshapema inatazama nyuma. Sauti inakwenda zaidi kule ulikotoka. Dereva wa kamio anayekuja mbele yako amefunga vioo juu ya vumbi, motere yake mwenyewe inanguruma chini ya miguu yake. Atakusikia umekwisha kufika. Huko Marekani, profesa Harry Hurt na wenzake walichunguza ajali za pikipiki karibu 900 kule Los Angeles, wakatoa ripoti yao mwaka 1981. Waliona kwamba hatari nyingi zinamjia mwendeshaji kutoka mbele, na kwamba sababu kubwa katika ajali na magari ni dereva kutomuona mwenye pikipiki. Kutomuona. Washa taa ya mbele mchana. Vaa kitu cheupe au cha manjano juu ya ile jaketi nyeusi. Usikae ubavuni mwa kamio mahali ambapo huoni kioo chake, kwa sababu kama huoni kioo, yeye hakuoni. Hivi havina sauti yoyote, na havigharimu karibu kitu.

Sauti yenyewe inamla nani? Inamla mwendeshaji kwanza. Mabingwa wa masikio wanapima kelele kwa desibeli. Kwenye desibeli 85 mtu anaweza kufanya kazi saa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu: 88, saa 4, 91, saa 2, ukifika 100, dakika 15 tu kwa siku. Manseba anakaa juu ya pikipiki kutoka alfajiri mpaka usiku. Masikio hayaumi yakifa. Unaanza kusikia mluzi ukilala, halafu unaanza kumuuliza mteja mara mbili anakwenda wapi, halafu bibi yako anasema unapiga kelele nyumbani. Kilichokufa ndani ya sikio hakirudi.

Na ba mama, neno dogo kwenu kabla sijasahau. Eshapema nyingi ziko upande wa kuume. Wakiitoboa au kuikata, mara nyingi ile bati ya kuzuia moto wanaitupa. Pandeni na kushuka upande wa kushoto. Alama za kuungua miguuni ninazoziona hapa zinatosha.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama leo. Sitataja majina, na waliohusika wamenipa ruhusa.

Wengi wetu hapa tulikimbia. Disemba 2000, Pweto ilipoanguka, mimi nilikuwa na miaka kumi. Tulivuka kwenda Zambia, tukakaa Kala. Wengine walikaa Mwange, wengine Meheba. Kuanzia 2007 tulianza kurudishwa, na mwaka 2010 Kala na Mwange zikafungwa. Tumesambaa tukitafuta kazi, ndiyo tukafika hata huku kwenye shaba. Haya tunayajua, sina haja ya kuyarefusha.

Kulikuwa na kilio katika mtaa wetu. Watu wamekaa nje, usiku, kama saa tano. Kijana mmoja wa kwetu akashuka na pikipiki yake kwenye ule mteremko, akafunga gazi ili asisumbue watu, nia yake ilikuwa njema. Pikipiki ikapasua: pa! pa-pa-pa! pa! Mama mmoja akaweka sahani chini. Akamshika mkono mtoto aliyekuwa karibu naye, mtoto wa jirani, si wake, akakimbia naye. Tulimtafuta kwa tochi. Tulimkuta ndani ya mahindi nyuma ya ukuta, ameketi chini, amemziba mtoto mdomo kwa mkono ili asilie.

Yule kijana alizima motere. Aliisukuma pikipiki mpaka kwao kwa miguu. Asubuhi alikuja kwangu. Alizaliwa Kala, hakuona vita kwa macho. Aliniambia: "Papa, miye sikujua. Nifanye namna gani ili isipasue?" Hakuuliza namna ya kuomba msamaha, hiyo alikwisha kuifanya mwenyewe kabla jua halijatoka.

Tuliangalia pamoja. Kwanza, eshapema ilikuwa imetobolewa na kabirateri haikurekebishwa. Pili, mahali bomba linapoungana na kichwa cha motere kuna pete ndogo ya shaba. Ndiyo, shaba, ile inayotoka kwenye udongo wetu, inakwenda mbali na kurudi kama pete ya franga kidogo. Mtu akifungua bomba lazima abadilishe pete hiyo, kwa sababu ilikwisha kubanwa. Fundi alikuwa ameirudisha ya zamani. Ukifunga gazi kwenye mteremko, motere inazunguka lakini mchanganyiko ni mwembamba, haushiki moto vizuri, esanse isiyoungua inatoka mpaka kwenye bomba la moto. Pale penye pete mbovu hewa inaingia kutoka nje. Esanse, hewa, na moto vikikutana ndani ya bomba, vinapasuka. Mlio unafanana na bunduki kwa sababu na bunduki ni gesi inayopasuka ndani ya bomba.

Tulibadilisha pete, tukakaza boluti mbili kwa zamu, kidogo huku kidogo kule. Kupasuka kukapungua sana, lakini sauti ya kunguruma ilibaki. Akaitazama, akasema: "Tufunge na matundu." Tukampelekea fundi wa kuunganisha vyuma, akayafunga kwa vipande vya bati. Pikipiki ile iko nje sasa, ni ile yenye tangi nyekundu. Mwenye kutaka kuisikia, aiwashe mkutano ukiisha. Mwenyewe anasema kwenye kilima inapanda na watu wawili bila kushusha vitesi kama zamani. Wateja hawajamkimbia, amewapa namba ya simu.

Juu ya sheria nitapita haraka. Sheria ya barabara ya nchi yetu ni ya tarehe 30 Agosti 1978, na mapatano ya Vienna ya 1968 juu ya usafiri wa barabarani yanataka kila chombo chenye motere kiwe na silansie inayofanya kazi. Ukisimamishwa na eshapema wazi, umekwisha kujishtaki kabla hujashuka.

Komite imeniomba nitoe wazo langu, na nalitoa kama wazo, ninyi njo mutaamua. Mpaka deni liishe, pikipiki ni ya sanduku, kwa hiyo asiitoboe mtu. Akimaliza deni, ni yake, ataulizana na majirani. Waliokwisha kutoboa wasitozwe faini. Ukiwatoza faini, wataificha pikipiki, na sisi tunataka kuiona. Sanduku lisikopeshe pesa ya eshapema ya mashindano; bali likopeshe, hata bila kungoja zamu, pesa ya filtri, buji, shene, pete ya shaba, na silansie ya kiwanda kwa yule ambaye yake imekwisha kuoza. Silansie inaoza kutoka ndani, hasa kwa safari fupi, kwa sababu maji ya moshi hayapati moto wa kutosha kukauka. Nyingine zina tundu dogo kabisa chini, la kutoa maji hayo. Hilo lilitobolewa na kiwanda. Musilizibe kwa kusikia maneno yangu ya leo!

Na mzee mmoja ameuliza kama kijana akitaka kweli pikipiki yenye nguvu zaidi afanye nini. Jibu langu halipendezi: apime nafasi ya supapu kama kitabu kinavyosema, abadilishe mafuta ya motere kwa wakati, akaze na kulainisha shene, ajaze hewa kwenye mipira, asafishe filtri kila juma kwa vumbi hili, si kila mwezi. Nguvu aliyoinunua inarudi yote. Zaidi ya hapo, anunue motere kubwa zaidi.

Jumamosi saa moja asubuhi, hapa uwanjani, kila mwenye pikipiki aje nayo. Alete kifungulio cha buji kama anacho. Mimi naleta brashi, sabuni, na pete za shaba kumi ambazo komite imekubali kulipa. Yule kijana wa tangi nyekundu ndiye atakayeonyesha namna ya kufungua bomba, mimi nitashika taa. Na yule mama wa kilio amesema atapika chai.